Mizula ya Kisiwani

Mwalimu Mbogela amepanga chumba changu cha uani.
Jioni huhamia jikoni, hadithi ndiyo kodi ya moto:
Julai hapa Matamba maji ya ndoo huota ngozi,
ukiyagonga kwa kata, yanajibu.
Mimi nafuma. Sweta arobaini za shule, kijani,
sindano zangu spoku za baiskeli.

Anasema: juu kabisa ya dunia,
ambako jua lina miezi ya kukesha na miezi ya kulala,
kipo kisiwa kidogo, hakifikii shamba la pareto la kampuni.
Hakina mti. Hakina mwenyewe.
Miaka mia nne iliyopita zilifika merikebu,
zikakuta nyangumi wamejaa ghubani
hata mtu angevuka kwa miguu juu ya migongo.
— Wewe uliwaona?
— Kitabu kimesema.
— Haya, kitabu kiendelee.

Wakajenga matanuri ufukweni,
wakateleka masufuria ya shaba mapana kama jiko hili.
Mnyama alivutwa, akamenywa shahamu kama kiazi,
vipande vikachemka mchana na mchana,
maana usiku haukuwepo.
Mafuta yakaingia mapipani, mapipa merikebuni,
na kule kwao taa zikawaka, sabuni ikatoa povu.
Moshi ulinuka hata nahodha hakuhitaji dira.
Kila mwaka merikebu ziliongezeka.
Kisha mwaka mmoja wakangoja.
Wakangoja.
Wakang'oa shaba yao, wakaondoka.

Nikapoteza hesabu ya vitanzi.

Maana mimi, binti wa miaka kumi na miwili,
nilipanda Kitulo na kijembe na kiroba.
Tulichimba chikanda, viazi vya yale maua
ambayo wageni siku hizi wanakuja kuyapiga picha.
Ukikitoa kiazi, ua limekwisha.
Tajiri kutoka Tunduma alipima kwa jicho,
akalipa kwa jicho,
na ng'ambo Zambia wakasaga, wakapika, wakakata kama nyama.
Bonde zima lilikuwa zambarau. Tukasema: haya hayaishi.
Hakuna aliyesema uongo, tuliona kwa macho yetu.
Kiroba changu cha kwanza kilijaa umande haujakauka.
Cha mwisho, siku mbili,
na nusu yake udongo.

— Na waliofia huko? namuuliza, ili niache kujisikia.
Anasema ardhi ile ni barafu mpaka chini,
waliwafukia juu juu,
na barafu, mwaka hadi mwaka, ikayasukuma majeneza nje
taratibu, kama meno ya mtoto.
Watu wa juzijuzi walipoyafungua
walikuta mifupa, na kichwani mwa mifupa, mizula.
Ya sufu. Rangi bado.
Hakuna miwili iliyofanana:
kwa baridi ile uso wote umefungwa,
mwenzako unamjua kwa mistari ya kichwani.

Hapo nikaweka sweta chini.
Nani aliifuma?
Kitabu hakikusema. Kinajua majina ya merikebu,
kinajua mapipa mangapi.
Mimi namjua. Alikaa karibu na moto kama huu
akihesabu mbili sawa, mbili kinyume,
akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwagiza,
ili wake asichanganywe na wa jirani.

Osia aliondoka na lori la viazi.
Alisema Tunduma, halafu Nakonde,
halafu simu ikawa haipatikani.
Mzula wake ni wa bluu, mistari mitatu ya njano,
wa tatu uliniishia uzi katikati, nikaunga na nyekundu.
Madereva nawaambia: msitafute sura, sura hubadilika.
Tazameni juu ya paji, palipo na kiungo.

Mwalimu anauliza kama kuni zimebaki.
Zimebaki.